Siku Mama Diana Alipokanyaga Breki

Benedikto aliikanyaga pedali ya breki, ikazama hadi karibu na sakafu. Akaikanyaga tena, ikaishia katikati. Mara ya tatu ikawa ngumu inavyotakiwa, na breki ya namna hiyo alikuwa anaijua. Breki inayotaka kubembelezwa mara tatu ndipo ikubali kazi si breki, ni mzaha, na barabara ya kuteremka mlimani kutoka Nyandira haina mzaha hata kidogo.

Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye matuta ya karoti. Prisca, mkewe, alikuwa amekaa mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani, na pembeni yake kulikuwa na kapu la njegere, mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili. Binti yao Diana alikuwa amejifungua Jumatano katika hospitali moja mjini Morogoro, kwa upasuaji, mtoto wa kike. Leo Jumamosi, saa nane mchana, alikuwa anaruhusiwa, na Prisca ndiye aliyetakiwa kwenda kukaa naye siku arobaini, ampikie, amkande, amfundishe kumbeba mtoto.

Hayo yote ni ya kawaida. Lisilokuwa la kawaida ni kwamba Prisca alikuwa anangoja kupanda gari la mumewe. Alikuwa hajalipanda kwa miaka sita.

Hapa inabidi tumseme Benedikto kidogo, maana anastahili. Miaka sita iliyopita walikuwa wanateremsha kabichi kwenda sokoni mjini kwa Hilux hii hii. Pedali ilikuwa laini tangu wanatoka nyumbani. Prisca akamuuliza kama gari ni zima, naye akamjibu ni zima kabisa, huku mguu wake unapampu mara mbili kila wakifika kwenye kona. Walipopita Langali akapampu mara mbili, mara tatu, mara nne, na kufikia hiyo ya nne kona ilishapita. Gari likaacha barabara, likaparamia matuta mawili ya watu, likalala ubavu. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko. Prisca alivunjika mguu wa kulia, akalazwa wiki saba. Na watu walipokuja kuwapa pole, Benedikto aliwaambia breki zilikufa ghafla. Alilirudia neno hilo, ghafla, mara nyingi hata mwenyewe akakaribia kuliamini.

Prisca alikuwa kitandani pale, anasikiliza, hakutia neno. Alipopona hakugomba wala hakununa. Aliacha tu kupanda. Akiwa na safari ya mjini alipanda Fuso, lori la jirani, au pikipiki, na kuna siku mbili aliteremka kwa miguu mpaka Mgeta kwa kukosa usafiri wakati Hilux ya mumewe imempita ikiwa na nafasi. Sasa watu wa mlimani nao wana macho. Dereva ambaye mke wake mwenyewe hapandi gari lake, nani mwingine atapanda? Abiria wakamwishia mmoja mmoja, zikabaki karoti, ambazo hazina la kuogopa.

Kwa hiyo Jumatano jioni Prisca aliposema, huku anamenya ndizi na bila kuinua uso, kwamba Jumamosi watashuka pamoja, Benedikto alidhani amesikia vibaya. Diana alikuwa ameomba jambo moja tu kutoka kule wodini: waje wote wawili, waje pamoja. Ijumaa nzima Benedikto aliimaliza chini ya gari. Alibadilisha mafuta ya injini, akakaza kila kilichokazika, kisha akafungua kikopo cha mafuta ya breki akakuta yamekuwa meusi kama kahawa. Akayamwaga yote. Akazitoa kalipa za magurudumu ya mbele, vile vyuma vinavyoibana sahani ya breki, akaziosha matope ya miaka mingi, akazirudisha, akajaza mafuta mapya. Jioni pedali ilikuwa laini, dalili kwamba mirija ya breki imeingia upepo. Akajipa moyo kwamba labda pakikucha upepo utakuwa umejitoa wenyewe. Upepo ulioingia kwenye breki hauna adabu hiyo, na yeye alijua.

Mikaeli, jirani yake, mwenye ile Fuso, alifika akaegemea dirisha. Huyu alikuwa mtani wake wa ukoo kwa ukoo, mtu mwenye ruhusa ya kumwambia lolote mahali popote, hata msibani. Alitazama mguu wa Benedikto unavyopanda na kushuka, akauliza kama leo anakanyaga udongo wa matofali. Benedikto akamwonyesha pedali. Mikaeli akatikisa kichwa, akapunguza sauti kwa sababu Prisca alikuwa karibu, akasema mbona hilo jambo dogo, mlima mzima unapampu, aweke gia ya pili, ateremke taratibu, na mama hatajua kitu. Alisema kwa nia njema kabisa. Ushauri mbaya wa namna hii mara nyingi huja kwa nia njema.

Benedikto alishika usukani. Kweli, Prisca asingejua. Angepanda, angefika, angembeba mjukuu wake, na kesho yake pale Nyandira habari ingekuwa moja tu: Mama Diana kapanda gari la mumewe. Miaka sita ingefutika kwa safari moja. Na kama angemwambia ukweli, basi Prisca angesimama pale alipokaa, achukue kapu lake, na pengine asingekubali tena mpaka wanazikana. Ukweli wenyewe ulikuwa unaelekea kumnyang'anya alichokuwa anakitafuta.

Alishuka garini. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mkewe kama mtu aliyeitwa barazani.

"Mama Diana, breki si nzima. Nimezibadilisha mafuta jana, zimeingia upepo, na sijaweza kuutoa. Siwezi kukupakia."

 Prisca akasimama, akaingia ndani. Benedikto alibaki anamtazama jogoo. Alikuwa na hakika kwamba mkewe ameifuata simu ili aite pikipiki, na hakuwa na la kumlaumu.

Prisca alitoka amevaa gauni la shamba, kanga ameifunga kiunoni, viatu vya kanisani amevivua. Akauliza kazi hiyo inataka watu wangapi. Benedikto akasema wawili, mmoja akanyage na mwingine afungue, na jana alijaribu peke yake ndiyo maana. Prisca hakungoja amalize. Alikwenda akaufungua mlango wa dereva, akapanda, akakaa, akauweka mguu wake wa kulia, ule ule, juu ya pedali.

Benedikto alimweleza kazi. Kila gurudumu lina nepo yake, kijiskurubu chenye tundu. Prisca angekanyaga mara tatu kisha ashikilie chini bila kuachia. Yeye angeifungua nepo kwa spana, upepo na mafuta vitoke kwa kampira kembamba mpaka kwenye chupa, kisha aifunge, na hapo ndipo Prisca aachie. Akiachia mapema, gari litavuta upepo mwingine. Wataanza na gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali kuliko yote, wamalizie mbele kulia.

"Kanyaga," alisema Benedikto kutoka chini. "Shikilia. Haya, achia."

Watu hawa wawili kwa miaka sita walikuwa wanaongea habari za chumvi, mvua na bei ya mbolea, na wakimaliza hizo wanalala. Sasa walikuwa na maneno matatu tu, na maneno hayo yaliwatosha. Gurudumu la pili hakuhitaji kumweleza. La tatu, Prisca alikuwa anajibu "nimeshikilia" kabla hajaulizwa. Mikaeli alikaa juu ya jiwe anatoa maoni, mpaka Prisca akamtuma akampe jogoo maji, kwa kuwa yeye na jogoo ndio waliokuwa hawana kazi pale nyumbani.

Wakamaliza magurudumu yote manne. Pedali ikazama. Wakarudia yote manne, kwa uangalifu kuliko mwanzo, Benedikto akikiongezea kikopo mafuta kila mara kisije kikakauka. Pedali ikazama vile vile. Na kilichomtesa ni kwamba kwenye chupa hakikuwa kinatoka hata kiputo kimoja. Mafuta yalikuwa masafi, yanateremka kimya. Kama upepo haumo, mbona breki laini? Na kama umo, umejificha wapi?

Ilikuwa inaelekea saa nne. Benedikto aliketi chini, mikono imejaa mafuta, akasema basi. Huenda pampu kubwa ya breki imekufa, na hiyo haipatikani karibu kuliko mjini. Akamwita Mikaeli, akamwomba ampeleke Mama Diana kwa Fuso, yeye atakuja akiweza. Alilisema hilo akiwa anatazama pembeni. Alikuwa amevunjika moyo kabisa, na aliona haya kwamba umri wote huo anaendesha gari na ameshindwa na kitu kisichoonekana.

Prisca alishuka kuunyoosha mguu. Alizunguka gari taratibu, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akatazama. Akaja la mbele, akatazama tena. Kisha akauliza swali la kawaida kabisa, kama anavyouliza mtu aliyemkuta mwenziwe anapanga kuni vibaya: kwa nini nepo za nyuma ziko juu na za mbele ziko chini?

Benedikto akamweleza, hata kwa uvumilivu kidogo wa mwalimu. Alipokuwa anazirudisha kalipa jana, aliona kwamba ya kushoto ikifungwa kulia, na ya kulia kushoto, nepo inatazama chini. Akaona ni bora hivyo. Mafuta ya injini hutolewa chini. Maji ya rejeta hutolewa chini. Kitu kinachomwagwa hutolewa chini ili uchafu wote ushuke. Paipu ya mafuta iligoma kidogo kukaa, akaikunja, ikakaa.

"Mpira wa shambani ukikwama kwa upepo," Prisca alisema, "mimi huwa naufungulia wapi?"

Kila mtu wa Nyandira anajua jibu la swali hilo. Maji ya kumwagilia hutoka chemchemi za juu kwa mipira inayopanda na kushuka migongo ya milima mpaka kwenye matuta. Mpira ukivuta upepo, upepo huo hukaa pale mpira unapopanda mgongo, maji yanabaki kudondoka matone. Ukikaa kule chini unafungua na kufunga, utapata maji masafi mpaka jioni na upepo utakuwa umetulia palepale juu unakucheka. Prisca alikuwa akipanda mwenyewe na kisu, analegeza kiungo cha kileleni, upepo unapiga mluzi, anakaza. Mara ngapi Benedikto alimwona akifanya hivyo?

Aliitazama nepo ya mbele. Akatazama juu yake, kwenye kichwa cha kalipa kilichozibwa, mahali ambapo pangekaa kikombe kizima cha upepo na kisitoke hata wangekanyaga mwezi mzima. Akazipiga mikono yake michafu kichwani.

"Nimezifunga kichwa chini," alisema. "Mimi mwenyewe. Hakuna kilichoharibika, ni mimi."

Mikaeli alikuwa amengoja nafasi hiyo maisha yake yote. Alisema kwamba atakwenda kuuambia ukoo mzima kuwa mtani wao anavaa suruali kichwani, na akipita msikitini, kanisani na kilabuni atatangaza. Benedikto alikubali yote. Alikuwa tayari amelala chini, anafungua boliti, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa anapiga mluzi.

Kalipa ya kulia ikarudi kulia, ya kushoto kushoto. Paipu aliyoikunja ikanyooka kama iliyotoka kifungoni, akaikagua kila upande kwa kidole kama haikupasuka. Haikupasuka. Ilibaki chupa moja ya mafuta ambayo haijafunguliwa, akaifungua. Prisca akapanda. Wakaanza upya nyuma kushoto, kwa maneno yale yale matatu, wakaja nyuma kulia. Walipofika mbele kushoto, upepo ukaanza kutoka. Ulitoka kwa kutema na kukohoa, viputo vikubwa, na kila kilichotoka Benedikto alikihesabu kwa sauti mpaka Prisca akamwambia anyamaze, anampotezea hesabu ya kukanyaga.

Likabaki gurudumu moja, la mbele kulia. Hilo liko mbele tu ya mlango wa dereva. Benedikto alilala chali hatua moja tu kutoka kwenye mguu wa mkewe, wametengwa na bati, hamwoni wala haonekani. Mikaeli alikuwa amekwenda kunawa.

"Kanyaga," alisema. "Shikilia."

"Nimeshikilia."

Spana ilikuwa tayari kwenye nepo. Hakuigeuza.

"Mama Diana, siku ile nilijua. Tangu tunatoka hapa nyumbani nilijua breki ni mbovu. Ukaniuliza, nikakudanganya. Halafu nikawadanganya watu mbele yako, na wewe umelala na mguu umevunjika. Sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba."

 Pedali haikuachiwa.

"Nilikuwa nauona mguu wako," Prisca alisema. "Kila kona nilikuwa nauona. Baba Diana, mguu wangu ulipona wiki ya saba. Hilo neno lako, ghafla, ndilo lililonikalia miaka yote. Nilikuwa nangoja tu uliondoe, nipande gari letu. Sasa fungua hicho kitu, paja linawaka moto."

Benedikto akafungua, akafunga, akamwambia aachie. Alikuwa analia. Akajipangusa kwa mkono wenye mafuta ya breki, macho yakamuwasha sana, na hivyo Mikaeli aliporudi akamkuta anatokwa na machozi na kuosha uso kwenye ndoo, sababu ilikuwapo ya kutosha. Walirudia gurudumu lile mara nyingine mbili mpaka mafuta yakatoka matupu.

Prisca ndiye aliyeijaribu pedali kwanza. Aliikanyaga mara moja, ikagota juu, ngumu. Benedikto akawasha injini, akamwambia aikandamize kwa nguvu zake zote, na Prisca aliikandamiza, akahesabu taratibu mpaka sitini, nayo haikushuka. Kisha Benedikto akalipeleka gari peke yake uwanja wa mpira, akakimbia kidogo na kusimama, akakimbia na kusimama, akateremka mtelemko wa kanisani na kusimama katikati yake. Akazikagua nepo zote kama kuna tone. Hapakuwa na tone. Aliporudi, Prisca alikuwa ameshavaa tena gauni lake la kanisani.

Waliondoka saa tano. Mwanzoni Prisca alishika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na kapu kwa mwingine, na macho yake yalikuwa barabarani. Benedikto hakujitia kuongea. Aliweka gia ya pili, na kila palipotakiwa breki alikanyaga mara moja tu, mapema, mkewe akiona. Baadaye Prisca alianza kuzungumza, kwanza habari za mtoto, angeitwa nani na amefanana na nani kwenye ile picha ya simu, kisha habari za Mikaeli na ule mdomo wake, na akacheka. Walipoiacha Langali mazungumzo yakawa ya sentensi moja moja. Kisha yakakoma.

Barabara ilipokuwa tambarare, karibu na Mlali, simu ya Benedikto iliita. Alisogea pembeni, akasimamisha gari taratibu, akapokea. Alikuwa Diana, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Shikamoo baba. Mama kapanda gari gani, Fuso ya anko Mikaeli? Nampigia hapokei."

"Marahaba. Hapokei kwa sababu amelala."

"Amelala wapi?"

"Hapa," alisema Benedikto. "Pembeni yangu."

 Benedikto alisikia kichanga kinalia kwa mbali, na muuguzi anamwita mtu kwa jina. 

"Amelala tangu lini, baba?"

"Tangu juu kule, tunaacha Langali. Kona zote kazipita usingizini."

"Msiharakishe," Diana alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sisi tupo tu, tutawangoja. Usimwamshe."

Benedikto alimwahidi. Akaiweka simu mfukoni, akaushusha upande wa kanga aliyojifunika Prisca kichwani ili jua lisimpige usoni, kisha akaingiza gia polepole na kuirudisha Hilux barabarani.